Padre Aliyewafuata Vijana Hadi Kazini



Si siku nyingi zilizopita baba mmoja alifika katika ofisi ya gazeti letu. Hakuja na habari ya kuchapishwa. Alikuwa na mwana wa miaka kumi na saba, aliyempeleka mjini kujifunza ufundi katika karakana moja, na kijana huyo alikuwa amerudi nyumbani kimya. Hakutaka kusema, wala kula pamoja na ndugu zake, wala kusikia habari ya kurudi kazini. Baba alituuliza kama ampige au amwombee. Tulikaa naye kitambo kirefu, na alipokwisha kwenda tukamkumbuka padre mmoja wa karne ya kumi na tisa aliyelijua swali hilo kupita sisi. Jina lake ni Giovanni Bosco, Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye dunia nzima humwita Don Bosco, maana katika nchi yake padre huitwa Don.

Picha yake imetundikwa katika shule nyingi, akiwa ametabasamu katikati ya watoto. Pengine tabasamu hilo limetudanganya kidogo. Twadhani kwamba alizaliwa na moyo mwepesi, na kwamba kazi yake ilikuwa ya kuchezacheza na watoto. Habari zake za kweli ni za mtu aliyeonja huzuni mapema sana, akajifunza kutokana nayo jinsi moyo wa kijana unavyovunjika, na jinsi unavyoweza kushikiliwa usivunjike.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika nchi ya Piemonte, kaskazini ya Italia. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima. Siku moja ya Mei 1817 baba huyo alirudi kutoka kazini akitokwa na jasho, akaingia katika ghala ya chini yenye baridi kali, akapatwa na homa ya mapafu, akafa baada ya siku chache, naye alikuwa na umri wa miaka 33 tu. Giovanni hakuwa ametimiza miaka miwili. Katika kumbukumbu alizoandika alipokuwa mtu mzima asema kwamba jambo la kwanza analolikumbuka katika maisha yake yote ni chumba kile cha maiti: watu wote wakitoka, yeye akikataa kutoka asipokwenda na baba, na mama yake akimshika mkono, akilia, akimwambia kwamba sasa hana baba tena.

Mama huyo, Margherita Occhiena, alibaki na mama mkwe mgonjwa na watoto watatu: Giuseppe na Giovanni aliowazaa mwenyewe, na Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu. Antonio alimzidi Giovanni miaka saba. Waandishi wengi humsema vibaya Antonio, kwa kuwa alichukia kumwona mdogo wake akishika kitabu, akasema kwamba yeye mwenyewe amekua na nguvu bila kusoma. Sisi twaomba ruhusa kumtetea kidogo. Huyu naye alikuwa mtoto aliyefiwa na mama, kisha akafiwa na baba, akajikuta kijana wa jembe katika nyumba ya mama wa kambo. Hakuna aliyemwuliza moyo wake ukoje, na huzuni isiyoulizwa mara nyingi hugeuka kuwa ukali.

Magomvi yalizidi hata mama akaona heri kumtoa Giovanni nyumbani. Mwezi wa Februari 1828, wakati wa baridi, mtoto wa miaka kumi na miwili alikwenda kutafuta kazi akapokelewa kuwa mtumishi katika shamba la jamaa ya Moglia, akakaa huko karibu miaka miwili akichunga ng'ombe na kulima mizabibu. Basi alipozungumza baadaye juu ya vijana wanaotumwa kazini mbali na kwao, hakusema mambo ya kusikia.

Aliporudi alikutana na mzee mmoja, Padre Calosso, aliyekubali kumfundisha. Kwa mara ya kwanza Giovanni alikuwa na mtu mzima aliyeweza kumfungulia moyo wote. Lakini mwezi wa Novemba 1830 mzee huyo alikufa ghafula. Kabla ya kukata roho alimpa Giovanni ufunguo wa sanduku la fedha, akionyesha kwa ishara kwamba fedha ni zake. Giovanni akawapa ufunguo ndugu wa marehemu, asichukue kitu. Lakini alilia, na kilio hakikukoma. Aliandika kwamba alipokuwa macho alimwaza, na alipolala alimwota, hata mama yake akaogopa kwamba ataugua, akampeleka kwa muda kwa babu yake huko Capriglio. Tutazame vema alichofanya mama huyu asiyejua kusoma. Hakumwambia mwanawe kwamba mwanamume halii, wala hakumwongezea kazi ili asahau. Alimbadilishia mahali, akamweka kati ya jamaa zake wampendao, akaupa moyo wake nafasi ya kupona.

Mwaka 1831 alikwenda kusoma katika mji wa Chieri, akijilipia kwa kufanya kazi za kila namna. Kabla yake alikuwa amejifunza kushona nguo kwa fundi mmoja wa Castelnuovo. Huko Chieri alitumika katika duka la kahawa, akilala katika kijumba chembamba chini ya ngazi. Hapo, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha pamoja na wenziwe chama walichokiita Chama cha Furaha. Masharti yake yalikuwa machache: kutosema wala kutenda neno lisilompasa Mkristo, kutimiza wajibu wa shule na wa dini, na kuwa mchangamfu. Lo lote la kuleta huzuni lilikatazwa. Twajua kwamba wako watakaocheka jambo hili, nasi tulipolisoma mara ya kwanza seminarini tulidhani ni mchezo wa watoto. Lakini lilikuwa na akili. Hao walikuwa vijana maskini waliotoka mbali, wakiishi nyumba za kupanga, na kila mmoja angaliweza kuzama peke yake. Chama kiliwafanya watazamane nyuso.

Alipata upadre tarehe 5 Juni 1841 mjini Torino, akabaki huko kuendelea na masomo chini ya Padre Giuseppe Cafasso, ambaye naye leo ni mtakatifu. Cafasso alimwingiza katika magereza ya mji. Don Bosco aliwakuta humo vijana wa miaka kumi na miwili hata kumi na minane, wenye afya na akili, wakiliwa na wadudu na kukosa kazi. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba wengine walitoka gerezani wakiwa wameazimia kabisa kujirekebisha, na baada ya muda mfupi aliwakuta tena mle mle. Alipochunguza aliona sababu: walipotoka hawakuwa na mtu. Nia njema walikuwa nayo. Mtu wa kuishikilia nia hiyo pamoja nao hakuwapo.

Torino siku zile ulikuwa mji unaojengwa kwa haraka. Vijana walishuka kutoka milimani na vijijini kuwa waashi, wachonga mawe na wapiga lipu, wakalala po pote. Tarehe 8 Desemba 1841, Sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, Don Bosco alikuwa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi akijitayarisha kwa Misa. Kijana mmoja aliingia akisitasita. Mtunza sakristia akamtaka atumikie Misa. Kijana aliposema hajui, akampiga kwa mpini wa ufagio wa manyoya, akamfukuza. Don Bosco alikasirika, akaamuru kijana huyo arudishwe, akisema kwamba ni rafiki yake, ingawa hakupata kumwona kamwe. Baada ya Misa aliketi naye. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, mwashi, umri miaka kumi na sita, baba na mama wamekufa, kusoma hajui. Alipoulizwa kwa nini haendi kwenye mafundisho ya dini, alisema kwamba huko wamo watoto wadogo waliomzidi kujua, naye aona haya.

Neno hilo la haya ndilo ufunguo. Don Bosco hakumkaripia kwa kutojua, bali alikubali kumfundisha peke yake, mbali na macho ya watu, akaanza kwa kumwonyesha ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata Garelli alirudi, naye hakuwa peke yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi aliyoiita Oratorio, mahali pa vijana kusali, kujifunza na kucheza siku za Mungu.

Lakini twapenda kukaza jambo ambalo husahauliwa. Don Bosco hakungoja Jumapili. Katikati ya juma alikwenda kuwatembelea vijana wake kazini, katika karakana na penye majengo, akazungumza nao na mabwana zao. Vijana walifurahi mno kumwona rafiki akiwajali mahali ambapo hawakuzoea kujaliwa, na mabwana nao wakapenda kuwaajiri vijana wenye mtu wa kuwaangalia. Tulimwuliza yule baba aliyekuja ofisini kwetu kama alipata kuikanyaga karakana ile aliyompeleka mwanawe. Hakuwahi. Ada alilipa kwa simu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga. Majirani walichoka na kelele za mamia ya vijana, na Oratorio ikafukuzwa huku na huko, hata mwisho ikawa katika uwanja wa majani. Katika taabu hiyo Don Bosco alizidi kusema habari za nyumba kubwa, kanisa, karakana na mapadre wengi ambavyo mtu mwingine hakuviona, na mapadre wenziwe wakaanza kuamini kwamba amerukwa na akili. Wawili wao walikuja na gari la farasi wakamwalika watembee kidogo, nia yao ikiwa kumpeleka nyumba ya wenda wazimu. Aliwatambua. Kwa adabu aliwasihi watangulie kuingia kwa kuwa wamemzidi heshima, kisha akaufunga mlango akamwambia mwendeshaji aende upesi. Sisi hucheka tusomapo hayo. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba mtu aliyewatia vijana moyo alipata naye kuachwa na karibu rafiki zake wote, akalia peke yake katika uwanja ule.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, alipata banda la kupanga huko Valdocco, mali ya mtu aliyeitwa Pinardi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mwili wake ulishindwa. Alikuwa amefanya kazi bila kupumzika, akaanguka kwa ugonjwa wa mapafu, akapewa sakramenti za mwisho. Vijana wake waashi walisali zamu kwa zamu mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu. Wengine walifunga, wakala mkate na maji huku wakiendelea na kazi zao nzito za siku nzima. Akapona, akaenda Becchi kupumzika miezi kadhaa. Tarehe 3 Novemba 1846 alirudi Torino kwa miguu, na pembeni yake alitembea mama yake mwenye umri wa miaka 58, aliyeacha nyumba yake na wajukuu ili awe mama wa watoto wasio na mtu.

Twaona hapa jambo ambalo walimu, wakubwa wa kazi na hata sisi mapadre hupenda kulipita. Don Bosco alifundishwa na ugonjwa kwamba mtu hawezi kuwabeba wengine peke yake daima. Margherita alikuwa mwenye busara, lakini naye alichoka. Siku moja vijana walipokwisha kuikanyaga bustani yake ya mboga na kutupa nguo alizofua, alimwambia mwanawe kwamba anarudi kijijini. Don Bosco hakubishana, akamwonyesha msalaba ukutani. Mama akautazama, akafunga tena kitambaa chake cha jikoni. Alikaa hapo hata alipofariki, tarehe 25 Novemba 1856.

Wala mwanzo wa nyumba haukuwa wa kupendeza. Vijana wa kwanza waliolazwa katika nyasi kavu waliondoka usiku wakachukua mablanketi. Mwaka 1847 alifika kijana yatima, amelowa mvua, naye akabaki. Baada yake wakaja wengine. Yasimuliwa kwamba usiku ule wa kwanza Margherita alimsemesha kijana huyo maneno machache ya upole kabla hajalala, na kutoka hapo ikazaliwa desturi ya nyumba zote za Don Bosco: kila jioni, baada ya sala, mkubwa wa nyumba husema na wote kwa dakika mbili tatu, ili asiwepo anayelala na uchungu wa mchana uliopita.

Kati ya vijana wale twamchagua mmoja. Mwaka 1857, penye stesheni ya Carmagnola, Don Bosco alimkuta Michele Magone akiongoza kundi la watoto watundu, akampeleka Valdocco. Mwezi mmoja hivi Magone alikuwa wa kwanza katika kila mchezo. Kisha akabadilika. Akawa anakaa pembeni, wenziwe wakicheza yeye analia. Mwenzi aliyepewa kumwangalia aliliona, akauliza. Na Don Bosco naye alikuwa ameliona, akamwita. Kijana hakuweza kusema. Don Bosco hakumlazimisha, akamrahisishia mpaka akaelewa kwamba ilikuwa dhamiri iliyomsumbua. Magone akaungama, na furaha yake ikarudi. Alikufa tarehe 21 Januari 1859, naye Don Bosco mwenyewe akaandika kitabu cha maisha yake.

Hapa yatupasa kusema wazi. Huzuni ya Magone ilipona kwa kitubio kwa kuwa sababu yake ilikuwa dhamiri. Si kila huzuni ni hivyo. Iko huzuni itokayo katika kuonewa, na iko ambayo ni ugonjwa kamili, kama malaria ilivyo ugonjwa, nayo yahitaji daktari. Kumwambia mtoto wa namna hiyo aongeze sala tu ni kumtwika mzigo wa pili. Yule baba tulimshauri ampeleke kijana hospitali kwanza, kisha aende mwenyewe mpaka karakana akaone. Tunalopata kwa Magone ni kwamba alionekana. Katika nyumba yenye mamia ya vijana palikuwa na macho yaliyojua uso wake wa jana na kuulinganisha na uso wake wa leo.

Don Bosco aliiandika njia yake kwa kifupi mwaka 1877. Akaijenga juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo wenye upole. Mwalimu hutangulia mbele ya kosa, akikaa kati ya vijana, badala ya kungoja likosewe kisha akaja na fimbo. Fimbo yenyewe hakuitaka kabisa. Aliamini kwamba kwa kijana anayempenda mwalimu wake, kunyimwa tazamo la urafiki ni adhabu ya kutosha. Lakini mwezi wa Mei 1884 aliwapelekea watu wake wa Valdocco barua kutoka Roma yenye uchungu, kwa sababu alisikia kwamba walimu wameacha kucheza na vijana, wanatembea pembeni wakizungumza wao kwa wao, na vijana wamepoa na kuwa na mashaka. Alieleza kwamba kuwapenda vijana hakutoshi. Sharti wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Sisi hatujui sentensi nyingine ngumu kuliko hiyo kwa mzazi anayelipa ada kwa jasho lake na kudhani kwamba mtoto ataelewa.

Wakati huo alikuwa amechakaa. Daktari mmoja wa Ufaransa aliyempima mwaka ule alimfananisha na nguo iliyovaliwa sikukuu na siku za kazi mpaka ikaisha, akamwagiza apumzike. Nayo ndiyo dawa pekee ambayo hakuitumia. Alikufa alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Shirika lake la Wasalesiani, lililoanza mwaka 1859, lilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1911. Tanzania na Kenya lilifika mwaka 1980, nalo lina shule za ufundi ambazo wengi wenu mwazijua.

Tumeacha kwa makusudi karatasi moja hata sasa. Kabla hajawa na karakana zake mwenyewe za viatu na nguo, alizozifungua mwaka 1853, Don Bosco alikuwa akiwapeleka vijana kwa mafundi wa mjini, na kwa vile hakuridhika na ahadi za mdomo alidai mkataba. Mmoja wa mwezi wa Februari 1852 ungali umehifadhiwa. Seremala mmoja wa Torino akubali kumfundisha kijana ufundi wake kwa miaka miwili. Atamsahihisha kwa maneno tu, wala si kwa namna nyingine. Atamtumia katika kazi za ufundi ule, wala hatamtuma kazi nyingine au kazi inayozidi nguvu zake. Atamwachia sikukuu zote ziwe huru. Atamlipa senti 30 kwa siku mwanzoni, na kufikia mwaka wa pili senti 60. Kijana naye aahidi kuwa mtiifu na mwenye bidii. Mkurugenzi wa Oratorio aahidi kuendelea kumwangalia kijana kwa muda wote wa mafunzo. Chini yake wametia sahihi fundi, kijana, baba wa kijana, na Padre Giovanni Bosco.